Homa ya Bhoke, Nenda

Simu ilipoita nilikuwa nimekaa uani kwangu Mugumu, miguu nimeiloweka kwenye beseni la maji ya chumvi kama nifanyavyo kila alasiri tangu magoti yakatae kazi. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikasema, "Shikamoo mama mdogo. Mimi Wegesa, wa Bhoke. Mama ametuacha jana. Tunazika Jumamosi, huku Itiryo." Nikampa pole, nikasema nitakuja, nikaweka simu chini. Maji yakapoa nami bado nimekaa. Sikulia. Nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, nimezika wengi, na siku hizi machozi yangu yanachelewa kuja. Nilichosikia moyoni ni uchovu, na ndani ya uchovu huo nafuu ndogo iliyonitia aibu. Niliwaza: basi, sasa sitalazimika tena kumwambia.

Ya nyumbani kwetu nitayaruka. Kila mtu ana kwao. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne kwa alama za kutonifikisha popote, nikapata kazi ya jikoni kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wakichimba visima upande wa Nyanungu. Jiko letu lilikuwa banda la mabati, na mchana bati lile lilipika watu kabla halijapika chakula. Nyuma ya jiko kulikuwa na chumba chetu, vitanda viwili na kamba ya nguo katikati. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Bhoke, mpishi mwenzangu, binti wa kijiji cha jirani. Alinizidi mwaka mmoja na alinizidi kila kitu kingine: ugali wake wa mtama haukuwa na mabuje, kicheko chake kilisikika mpaka kwenye mashine, na alikuwa na mchumba. Mchumba mwenyewe ni Mwita, mtoto wa mzee Matiko, ambaye boma lake lilikuwa bondeni chini ya kambi. Ng'ombe wa mahari walikwisha kuteuliwa, walikuwa bado zizini kwa mzee Matiko wakisubiri mavuno yaishe. Bhoke aliwajua kwa rangi. Asubuhi wakitoka kwenda malishoni alisimama mlangoni na mwiko mkononi akinionyesha, "Ule wa madoa ni wangu. Na ule mwenye pembe ya kuvunjika. Mzee ameniwekea na kilema, unaona?" Akacheka, akarudi sufuriani.

Mkalimani wa Wachina aliitwa Bwana Shen, mzee wa miaka sitini hivi, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Kiswahili alifundishwa chuoni kwao na mwalimu aliyetoka pwani, akatushinda sote. Sisi Wakurya Kiswahili tunakiongea kama tunagombana, hata tukiomba chumvi. Yeye alikuja mlangoni na chupa yake ya chai akasema, "Niwieni radhi, akina dada. Naomba maji ya moto, kama hayatawataabisha." Bhoke aliangukia gunia la mchele kwa kicheko. "Huyu mzee anaongea kama redio!" Kisha akamjibu, "Maji si hayo, chota." Bwana Shen akatoa daftari dogo mfukoni, akaandika neno "chota", akashukuru kama mtu aliyepewa mbuzi. Siku moja tukampa kichuri, nyama yetu inayotiwa yale maji machungu ya utumbo wa ng'ombe, tukasimama kumtazama. Akala, akafumba macho, akala tena. Akasema kwao chakula kichungu ni heshima kwa mgeni mwenye akili. Tangu hapo tulimhesabu mtu wetu.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, aliniomba msaada. Mchana, vyombo vikishaoshwa na mashine ikinguruma mbali, nilikwenda kwenye kibaraza cha chumba chake. Ndani kulikuwa na kitanda cha chuma, mtungi wa chai isiyojua maziwa wala sukari, jambo ambalo Bhoke aliliona ni umaskini mtupu, na sanduku la vipuri lililojaa vitabu. Kati ya vitabu hivyo lilikuwapo daftari lenye jalada la kitambaa. Kwa miaka mingi alikuwa amenakili humo mashairi ya kale ya kwao, ya mamia ya miaka, na yote yalihusu jambo moja: tiara, ile karatasi inayorushwa angani kwa uzi. Mimi tiara nililijua kama neno la kitabuni tu. Kwetu watoto walifunga mfuko wa nailoni kwenye uzi, wakakimbia nao mpaka wakaitwa kuchunga. Bwana Shen alitaka kuyatia mashairi hayo katika Kiswahili, nami nisikilize kama yanakaa sawa masikioni. Nilimwuliza faida yake nini. Akasema, "Dada Robhi, mtu anayefasiri bomba, nati na tope mwaka mzima lazima awe na kitu cha kusuuzia kinywa."

Nilishangaa kwamba watu wazima, wenye vyeo na mihuri, walikaa chini wakatunga juu ya karatasi na uzi. Wengine walisifu wepesi wa watoto shambani. Wengine waliitumia tiara kumsema mkubwa fulani anayejivuna yuko juu, kumbe amebebwa na upepo wa mwenzake. Hayo niliyaelewa upesi sana, tulikuwa na mwenyekiti wa kijiji wa namna hiyo. Yalikuwapo ya filimbi ya mwanzi inayofungwa juu ya tiara ikalia hewani, watu wakadhani kuna ngoma mbinguni, na ya wagonjwa waliolala ndani wakiisikia. Tulibishana sana. Aliuliza, "Majira ambayo majani yanachipua na upepo unakuwa laini, nyinyi mnayaitaje?" Nikamwambia, "Hatuna. Tuna mvua, tuna jua, tuna njaa." Akaandika hata hilo. Kwao upepo wa tiara huja baada ya baridi; nikamwambia huku kwetu asubiri Julai, mtama ukishakatwa. Leo nikikumbuka vibaraza vyote nilivyokalia maishani, hakuna nilipokuwa na akili nyepesi kama pale. Nasema hivyo huku najua kilichofuata.

Katika baadhi ya mashairi hayo kulikuwa na desturi. Watu walipandisha tiara mpaka uzi ukaisha, kisha wakaukata kwa makusudi ili iende na ugonjwa na mikosi yao. Wengine waliandika juu yake ugonjwa wenyewe. Nikauliza, "Inaenda wapi?" Akasema, "Inakwenda." Nikamcheka. "Mzee, kila kinachokwenda kinafika." Alipekua daftari lake ukurasa kwa ukurasa, kisha akatabasamu kwa aibu kidogo. "Humu hawasemi. Mshairi anabaki na yule aliyeshika uzi." Akaongeza kwamba kwao mtu akikuta tiara ya mwenzake imeanguka haiokoti. Sentensi hiyo niliisikia kwa sikio moja tu, sikio la pili lilikuwa nyuma ya ukuta, kwa Bhoke aliyekuwa akikohoa.

Homa yake ilianza mvua zilipokatika. Ilikuja ikaondoka, ikarudi na kikohozi, akawa anapika amejifunga kitenge mabegani kwenye joto lile la bati. Zahanati walimpa vidonge, akapata nafuu wiki moja, ikarudi. Uji aliutapika. Lakini kilichomtesa zaidi ni boma la bondeni. "Wakijua mimi ni mgonjwa hawatoi ng'ombe," aliniambia akiwa amejikunja kitandani, meno yanagongana. "Mama yake Mwita atasema analetewa maiti. Robhi, usiseme kwa mtu. Niapie." Nikaapa. Zahanati akapewa vidonge vingine, vya rangi tofauti, lakini mimi sikuvitegemea tena. Nilitegemea daftari la Bwana Shen. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilimpenda Bhoke kuliko ndugu zangu, nitumie neno gani jingine.

Bwana Shen alitengeneza tiara kwa matete na karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, akaibandika kwa uji wa muhogo, ikawa na umbo la mbayuwayu. Uzi alikuwa nao, umezungushwa kwenye kibao alichochonga mwenyewe. Nilichukua kalamu nene ya kuandikia masanduku nikaandika kwa herufi kubwa: HOMA YA BHOKE, NENDA. USIRUDI. Yeye akaongeza chini herufi chache za kwao, akasema maana yake ni kuitakia tiara upepo mwema. Bhoke hatukumwambia, yeye ni mtu wa kanisa na pia mtu wa miiko, angekataa mara mbili. Jumapili moja ya Julai, Bhoke akiwa ibadani, tulipanda kilima cha nyuma ya kambi. Tiara ilipanda kwa shida, ikayumba, kisha ikashika upepo, na uzi ukanivuta kidole mpaka kikakatika ngozi. Bwana Shen aliimba kitu kwa lugha yake, polepole, macho juu. Kibao kilipobaki na uzi wa mwisho nikatoa kisu cha jikoni, nikakata. Ikapungua ikawa nukta, ikaelekea upande wa Kenya. Nilifurahi kwa furaha ambayo sijaipata tena. Kibao na uzi wake uliobaki nilikificha chini ya godoro langu.

Na Bhoke akapona. Wiki ile ile homa ilimwacha, akala, akarudia kicheko chake. Leo najua ni vile vidonge vya pili. Wakati ule nilikwenda kibarazani kwa Bwana Shen nikamwambia kwa kiburi, "Andika kwenye daftari lako, hata Nyanungu inafanya kazi."

Kumbe upepo ulikuwa umegeuka kabla ya mpaka. Siku kumi baadaye ng'ombe wa mzee Matiko walianza kuanguka, wa madoa kwanza, kisha wengine wawili. Mwaka ule kupe walikuwa wengi, na daktari wa mifugo yeyote angesema ndigana. Lakini wakati wa kumburuta wa tatu, watu waliona karatasi chafu imenasa kwenye miiba ya zizi, ina mkia, ina vijiti, ina maandishi. Mimi niliipata habari nikiwa namenya viazi. Mama mmoja muuza maziwa alikuwa akimnong'oneza mwenzake mlangoni, "Wamemkamata kwa jina lake. Jina kabisa, limeandikwa."

Ritongo, kikao cha wazee, kilikaa asubuhi bomani kwa mzee Matiko. Wanawake tulikaa chini, kando, mimi nyuma ya akina mama wawili wanene. Mwalimu wa shule aliombwa asome. Akasoma. Akarudia. Zile herufi za Kichina akasema hazijui, na hapo watu wakasogea nyuma kidogo. Mzee Matiko hakupiga kelele. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mzee aliyepoteza ng'ombe watatu. Akamwuliza Bhoke, "Ulikuwa na homa?"

"Nilikuwa nayo, tata," akasema, kama tunavyomwita baba.

"Ulituambia?"

"Hapana."

"Sasa unayo?"

"Sina."

"Imeenda wapi?"

Mzee akaelekeza fimbo yake zizini. "Imekuja kwangu."

Kutoka nyuma mtu akasema neno, "omorogi", yaani mchawi, na baada ya kusemwa mara moja likawa jepesi, kila mtu akalisema. Bhoke akainua uso. "Hiyo karatasi sikuiandika mimi." Wakamwuliza, "Ameandika nani?" Akaitazama tena ile karatasi mkononi mwa mwalimu, kwa muda. Kisha akageuza macho akanitafuta kati ya wanawake, akanikuta. Nilitazama chini. Palikuwa na kinyesi cha mbuzi, punje saba karibu na mguu wangu, bado naziona. Aliposema tena, alisema, "Sijui."

Bwana Shen alinikuta jikoni nimekaa juu ya gunia. Alikwisha kusikia. "Dada Robhi, twende wote wawili. Mimi nitaleta daftari, niwaeleze." Nikamwambia, "Utawasomea nini? Mashairi? Wewe kazi ikiisha utapanda gari uondoke. Mimi nitabaki hapa." Niliogopa fimbo, niliogopa kiapo cha wazee, niliogopa neno lile jepesi lisije kunikalia. Alisimama na chupa yake ya chai. "Basi nitakwenda peke yangu." Nikamshika shati, nikamwomba asiende, nikalia, na alikuwa mtu wa adabu mno kumshinda binti anayelia. Nimemlaumu kwa hilo miaka mingi, kwa sababu kumlaumu kulikuwa rahisi. Kunyamaza kwa kwanza, kule kwa ugonjwa, Bhoke aliniomba. Kwa pili nilijiombea mwenyewe.

Kaka zake walikuja kumchukua kabla ya mwisho wa mwezi. Mwita hakutokea. Nilikuwa nimetumwa mtoni, na naungama kwamba nilichelewesha ndoo makusudi. Niliporudi kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu, kamba ya nguo imekunjwa vizuri. Chini ya godoro langu kibao cha uzi hakikuwapo. Nikadhani Bwana Shen amekichukua akakitupa. Naye aliondoka visima vilipokwisha. Aliniachia lile neno lake, "Niwie radhi," safari hii bila kuomba kitu. Bhoke alipelekwa Itiryo kwa mzee mmoja, awe mke wa tatu, mahali ambapo hawakuuliza sana. Lakini habari ilimfuata. Kule walimwita Bhoke wa Karatasi.

Tulikutana mara mbili tu baada ya hapo. Mara ya pili ilikuwa sokoni Tarime, mimi tayari mwalimu, yeye na tenga la ndizi. "Robhi, umenenepa!" akasema, akacheka kile kicheko, kimepungua lakini ndicho. Sentensi yangu nilikuwa nayo mdomoni, nimeiandaa miaka. Nikasema, "Watoto hawajambo?" Nimewafundisha watoto wa watu kusema kweli, nimewachapa kwa uongo wa kalamu na wa kitabu, na jioni nikarudi nyumbani kuloweka miguu. Uchovu wangu, nikisema ukweli, hautoki kwenye magoti.

Jumamosi nikafika Itiryo. Kaburi lilikuwa kando ya migomba. Watu hawakuwa wengi kama mama wa makamo yake alivyostahili, na waliokuja walikaa mbali na jeneza, kwa adabu inayofanana na woga. Wegesa alinipokea, ana mabega ya mama yake. Aliniketisha kwenye benchi la mbele, akaleta uji, kisha akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge. "Mama alisema, Robhi akija mpe. Asipokuja, kichome." Nikafungua. Kilikuwa kile kibao, uzi bado umezungushwa, ncha yake imekatwa wima kama kisu kinavyokata. "Ni cha nini, mama mdogo? Alikataa kutuambia. Alisema tu, mwandiko wako anaujua, ndio uliokuwa kwenye makopo ya jikoni."

SUKARI. CHUMVI. MAJANI. Herufi kubwa, kalamu nene. Kwa hiyo pale bomani, alipoitazama karatasi kwa muda, alikuwa anasoma jina langu. Na akasema sijui. Hapo machozi yangu yalifika, yote pamoja, wala sikuyazuia.

Mwendesha shughuli alikuwa akiita watu waseme neno la mwisho. Aliita wa kanisa, akaita majirani, jirani mmoja tu akasimama. Akaita marafiki wa marehemu. Hakusimama mtu. Daftari la Bwana Shen halikuwa na shairi linalofuata tiara mpaka ilipoangukia, nami nilikuwa nimeishi humo humo, upande wa aliyeshika uzi. Nikanyoosha mkono, nikaletewa kipaza sauti, nikasema nikiwa nimekaa, maana magoti yalikuwa yamekwisha. Nikasema, "Ile karatasi niliiandika mimi. Mimi, Robhi. Nilikuwa nataka apone. Bhoke hakujua lolote." Nikawaonyesha kibao. Sauti ilikuwa ndogo, kipaza sauti kikakoroma, wazee wa mbele wakatazamana. Nikadhani nimemaliza. Nilisubiri Wegesa anitukane, na ningeona ni haki yake.

Alikuwa amesimama pembeni yangu, mikono kifuani. Kwa shangazi zake, shuleni, kisimani, alikuwa mtoto wa karatasi tangu azaliwe. Alininyanyua kwa kunishika kwapa, kama mtu anavyomnyanyua mgonjwa kitandani, akanigeuza niwaelekee watu wote mpaka wale wa kule migombani.

"Sema tena, mama mdogo," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."